Vipande Vinne vya Bomba

Ngo!

Mlio mmoja wa chuma ulitoka juu, ukagonga kuta za majengo, ukashuka hadi chini ya ngazi aliposimama Fortunata. Hakumwona aliyegonga. Alikuwa amefumba macho makusudi, maana akifumba macho masikio yake yalikuwa makali zaidi.

"Nasma huyo," alijisemea. "Kafika."

Ngo-ngo! Huyo Allan.

Zikapita sekunde nyingine nyingi. Ngo-ngo-ngo! Leticia.

Fortunata alifumbua macho, akazivamia ngazi. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlango wa kwao ukampita ubavuni. Ya nne, ya tano. Akatokea juu ya paa, penye mwanga na matangi ya maji, akainua kipande chake cha bomba na kukigonga kwenye reli ya chuma mara nne. Ngo-ngo-ngo-ngo!

"Sekunde thelathini na sita!" Sauti ya Mwalimu Benedikta ilipanda kutoka uani. "Fortu, wewe ni moto!"

"Wa kuotea mbali, mwalimu!" alijibu Fortunata huku akihema na kucheka.

Hivyo ndivyo asubuhi zilivyoanza katika ua ule wa Mchafukoge, hatua chache kutoka Kariakoo, mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi hawa wanne wa darasa la sita walikuwa timu ya shule ya mbio za kupokezana vijiti. Mwezi Machi walikuwa wamebakiza siku tisa tu kukimbia fainali. Ghafla likaja tangazo: shule zimefungwa, michezo imesimama, msongamano marufuku.

"Timu ya kupokezana vijiti isiyoruhusiwa kupokezana kitu," alisema Allan siku ile. "Sisi sasa ni timu ya nini? Ya kupungiana mikono?"

Mwalimu Benedikta, mama mfupi mwenye sauti kubwa kutoka Masasi, hakucheka. Alikwenda mtaa wa Gerezani kwa fundi wa vyuma, akamwomba akate bomba la zamani la maji vipande vinne vilivyo sawa. Kila mkimbiaji akapewa chake. Hakuna kuazimana, hakuna kushikiana. Kwa bahati, wote wanne walikaa katika majengo ya ghorofa tano yaliyouzunguka ua mmoja, kila mtu na jengo lake. Basi kila mmoja angezikimbia ngazi za kwao peke yake, na akifika juu angegonga reli: Nasma mara moja, Allan mara mbili, Leticia mara tatu, Fortunata mara nne. Ukisikia mlio wa mwenzako, ndipo unaondoka. Mlio ndio ulikuwa kijiti.

Mwalimu mwenyewe alikaa uani kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, barakoa usoni, juu ya kreti tupu la soda, na saa ya kupimia mbio mkononi. Hakuwaona. Ngazi zilikuwa ndani, na turubai za wenye maduka zilikuwa zimefunika nusu ya ua. Alisikia tu. Alichosikia, alikiamini.

*

Katikati ya mwezi Mei, Fortunata aliamka koo linawasha. Kesho yake homa ikampanda. Siku ya nne alikuwa anakohoa mpaka mbavu zinauma, na uji wa mama yake haukuwa na ladha wala harufu. Mama alimpeleka zahanati. Mganga alimpa dawa, akamwagiza akae chumba chake peke yake, apumzike, "na asikimbiekimbie mpaka kifua kitulie kabisa."

Baba yake, Mzee Elimringi, alikuwa na duka la jumla la vyombo vya nyumbani katika jengo hilohilo, ghorofa ya chini. Usiku alihamia stoo na mdogo wake Fortunata, Polycarp, wakalala juu ya maboksi ya sufuria. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini.

"Fortu, mwanangu, jambo hili libaki humu ndani."

"Kwa nini, baba?"

"Unalijua lile duka la mashuka la kule kona? Walisikia tu kwamba mwenye duka anakohoa. Wiki nzima hakuna mteja aliyekanyaga pale. Mwambie mwalimu wako umeteguka mguu."

Mama alimgeukia mumewe. "Baba Fortu, mguu?"

"Mguu una ubaya gani? Ni siku chache tu."

Fortunata akampigia mwalimu simu, akasema mguu. Mwalimu akampa pole nyingi, akamweka Matilda mahali pake, agonge kwa kipande cha nondo cha kwao. Matilda alikaa ghorofa ya pili katika jengo lao. Alikuwa mkimbiaji wa akiba, msichana mwenye maneno mengi na miguu mirefu.

Hapo ndipo palipouma kuliko homa. Kila asubuhi Fortunata alilala kitandani, akasikia mlio mmoja, miwili, mitatu. Kisha vishindo vya raba vilipanda ngazi, vikapita nje ya mlango wao, vikaendelea juu. Ngo-ngo-ngo-ngo! "Thelathini na tisa!" Siku iliyofuata, "Thelathini na nane!" Kila sekunde aliyoipunguza Matilda, Fortunata aliisikia kama mtu anayemvua jezi yake.

Wiki mbili zilipopita homa ilikuwa imekwisha, na kikohozi kilibaki kidogo tu. Hakuuliza mtu. Alimpigia mwalimu, akasema mguu umepona.

Asubuhi ile alisimama chini ya ngazi kama zamani. Leticia akagonga. Fortunata akaondoka. Ghorofa ya kwanza aliruka. Ya pili, kifua kikaanza kubana. Alipofika mlango wa kwao, ghorofa ya tatu, ilikuwa kama mtu amemfunga kamba ya katani mbavuni na kuikaza. Alishika ukuta. Akajikokota. Alipogonga reli, hata mikono haikuwa na nguvu.

Uani saa ilibofywa. Kisha mwalimu akasema kwa upole, "Dakika moja na sekunde ishirini. Sawa, Fortu. Mguu bado mzito, eh? Kama bado, Matilda yupo."

Matilda yupo. Maneno hayo mawili yalimkaa kichwani mchana kutwa.

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo, Fortunata alipanda ngazi polepole, akipumzika kila ghorofa, mpaka juu ya paa. Alijibanza nyuma ya tangi. Mlio mmoja ulilia, kisha miwili, kisha mitatu. Alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu... Alipofika thelathini na nane, akatoka na kugonga kwa nguvu zote.

"Thelathini na nane!" Mwalimu alipiga makofi. "Mmesikia? Huyo ndiye Fortunata wangu! Mguu umeteguka, na bado karudi na moto!"

Kutoka paa la upande wa pili Allan alimpungia kipande chake cha bomba. "Fortu noma!" alipaza sauti. "Wewe ni chuma!"

Fortunata alipunga mkono. Lakini hakucheka.

Alirudia hivyo kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne, wakati anashuka kwenda uani, alimkuta Matilda ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mbele ya mlango wa kina Matilda, barakoa ya kitenge kidevuni, anatafuna muhogo wa kukaanga.

"Mambo?" alisema Matilda, akaivuta barakoa juu.

"Poa."

"Poa eh? Hebu niambie, siku hizi unapitia wapi? Umeota mabawa?"

"Una maana gani?"

"Mimi nalala chumba cha mbele. Kichwa changu na ngazi vimetenganishwa na ukuta mmoja. Zamani ukipita, hata bibi yangu alikuwa anaamka anauliza nani anahama nyumba. Siku hizi juu kunalia ngo-ngo-ngo-ngo, lakini hapa mlangoni hapiti hata paka."

Fortunata alificha bomba lake nyuma. "Kwa hiyo unataka kunisemea?"

"Mimi?" Matilda alisimama, akakung'uta makombo. "Nikikusemea watasema Matilda anataka namba kwenye timu. Namba naitaka, sikufichi. Lakini naitaka ya kukimbia, sio ya kuokota. Utasema mwenyewe." Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na upole huo ulimuuma Fortunata kuliko kama angeubamiza.

*

Jumatatu iliyofuata Fortunata alikuwa tena nyuma ya tangi. Alikuwa amejiapiza kwamba hiyo ni mara ya mwisho. Alikuwa amejiapiza hivyohivyo Ijumaa.

Ngo!

Nasma kafika. Fortunata akasubiri milio miwili ya Allan. Kwa kawaida Allan alitumia sekunde arobaini. Arobaini zikapita. Hamsini. Sitini.

"Allan!" Mwalimu aliita uani. "Vipi, umelala ngazini?"

Watu wakacheka. Wapagazi walikuwa wameshaanza kupakia mizigo kwenye mikokoteni, na wateja wa mapema kutoka mikoani walikuwa wanajadili bei. Hakuna aliyeshtuka. Leticia, chini ya ngazi zake, aliendelea kusubiri mlio.

Fortunata alichungulia. Jengo la Allan lilikuwa ng'ambo ya ua, na ukuta wa ngazi zake ulijengwa kwa matofali ya matundu ili hewa ipite. Kutoka uani turubai zilikinga yote, lakini kutoka juu ya paa mtu aliweza kuona ndani. Fortunata aliona fulana ya njano kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Haikuwa inapanda. Allan alikuwa amekaa, kichwa kimelalia ukuta, mkono umeshika kifua. Mabega yake yalipanda na kushuka haraka haraka, kama ya mtu aliyetolewa majini.

Fortunata aliyajua mabega yale. Yalikuwa yake siku chache zilizopita.

Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Leticia alikuwa hajagonga. Zamu yake Fortunata ilikuwa haijafika. Akipiga kelele kutoka hapa, kila mtu atajua kwamba alikuwa juu tangu mwanzo. Asubuhi zote zile, sifa zote zile, mwisho wake ni hapo. Labda Allan anapumzika tu. Labda atasimama.

Allan hakusimama. Kipande chake cha bomba kilimponyoka, kikabingirika ngazi moja baada ya nyingine. Sauti yake ilikuwa ndogo, karibu haisikiki. Ngo... ngo... ngo.

Fortunata alikimbilia ukingo wa paa, akagonga reli kama mwendawazimu, bila kuhesabu.

"Mwalimu! Mwalimu Benedikta! Allan amekaa ngazini, ghorofa ya tatu! Hapumui vizuri! Panda, mwalimu, upesi!"

Mwalimu alitoka chini ya turubai, akainua uso.

"Fortunata? Umefikaje huko juu? Leticia bado—"

"Nilikuwa hapahapa! Huwa sikimbii, mwalimu! Najificha nahesabu! Panda kwanza! Kifua kinambana, nakijua, mimi pia niliumwa hivyohivyo! Haukuwa mguu!"

Maneno yalianguka uani kama mzigo uliokatika kamba. Wapagazi walitazama juu. Mteja mmoja mwenye rundo la sinia alizirudisha mezani. Na mlangoni mwa duka la vyombo, Mzee Elimringi alikuwa amesimama na daftari lake, mdomo wazi.

Mwalimu Benedikta hakuuliza tena. Alivua viatu, akapanda ngazi za kina Allan peku.

Fortunata alisubiri baba yake apaze sauti. Baba aliwatazama wateja, akamtazama binti yake juu kule. Kisha akatupa daftari kaunta.

"Kirikuu iko wapi?" alimuuliza dereva wa kigari chake cha mizigo. "Shusha hayo maboksi. Yote! Tandika godoro nyuma, mtoto anahitaji hewa. Mama yake Allan apande mbele."

"Bosi, mzigo wa Morogoro—"

"Morogoro itasubiri."

*

Allan alilazwa siku sita, na siku mbili za mwanzo aliwekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Daktari alisema alikuwa na homa kwa siku tano kabla ya kuanguka, na kila asubuhi alikuwa anakimbia ngazi.

Mama yake alilia aliposimulia. "Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, 'Mama, Fortu aliteguka mguu akarudi na thelathini na nane. Mimi kikohozi tu ndiyo kinishinde?'"

Fortunata aliyasikia hayo uani, siku ya tatu, mwalimu alipoyarudia. Mwalimu alikuwa juu ya kreti lake, baba kwenye kreti jingine, wameachana nafasi, barakoa zimefungwa. Katikati yao palikuwa na ndoo ya koki na sabuni. Fortunata alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu," alikuwa amesema alipofika.

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama tu, mwalimu." Machozi yalikuwa yanaloanisha barakoa. "Ni mimi niliyemuumiza Allan. Alinifuata mimi, na mimi sikuwa nakimbia."

Baba alikohoa kidogo, kisha akajicheka kwa uchungu, kwa maana katika mwezi ule hakuna mtu aliyekohoa bila kutazamwa. "Mwalimu, usimlaumu mtoto peke yake. Mguu niliutegua mimi. Niliogopea duka. Nikadhani nafunika ugonjwa tu; kumbe nilikuwa namfundisha binti yangu kujificha nyuma ya tangi."

"Na wateja?" aliuliza mwalimu.

"Siku mbili hapakuwa na mtu. Leo wamerudi wachache. Nimeweka ndoo mlangoni, na kila anayeuliza namwambia ukweli: mwanangu aliumwa, amepona, naweni mikono mpite." Aliinua mabega. "Mmoja alinishika pembeni akaniambia na yeye nyumbani kwake wapo wawili. Hajamwambia mtu."

Mwalimu Benedikta alitikisa kichwa. Akaigeuza saa yake ya kupimia mbio.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Kila asubuhi niliuliza sekunde. Hata siku moja sikuuliza, 'Mnapumua vipi?' Nilimsifu aliyerudi haraka, nikamfanya anayechelewa aone aibu. Hilo nimelibeba." Akamgeukia Fortunata. "Lakini nisikilize. Uwanjani kijiti kikianguka, kila mtu anakiona. Mnakiokota, mnaendelea. Inauma, lakini timu haifi. Timu inakufa pale mtu anapokimbia mikono mitupu, na wenzake wanaamini ameshika kitu. Wanapanga mwendo wao kwa kitu ambacho hakipo. Kuugua si kosa. Kuchoka si kosa. Ukisema umeugua, unamlinda aliye nyuma yako. Ukificha, unamwachia aanguke peke yake."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ila Jumatatu ulipaza sauti, wakati kunyamaza kungekufaa wewe. Hilo nalo limo kwenye hesabu yangu, na Allan yuko hai."

Fortunata alijifuta uso. Akatoa nyuma yake mfuko wa karatasi alimokuwa amekiweka kipande chake cha bomba, kimeoshwa kwa sabuni, akauweka chini. "Namba nne ni ya Matilda. Mpe hiki."

"Hicho kibaki kwako. Matilda nimemkatia chake. Wewe utaanza upya. Hakuna sekunde. Utapanda kwa kutembea, na utagonga ghorofa ile utakayofika, mara sawa na ghorofa ulizopanda. Ikiwa ni moja, moja. Ua wote usikie."

Kutoka dirisha la ghorofa ya pili sauti ikadakia, "Na mimi nitakuwa nasikiliza, nina ukuta mmoja tu!"

"Matilda, funga dirisha!" alisema mwalimu, lakini hata yeye macho yalikuwa yanacheka.

*

Shule zilifunguliwa mwishoni mwa Juni. Fainali ilipangiwa tarehe mpya, na mwalimu akasema majina ya wakimbiaji hayatatajwa mpaka vifua vyote vipimwe.

Asubuhi ya kwanza ya Julai, Allan aliletwa kwenye dirisha la kwao, amefungwa shuka mabegani. Alikuwa amekonda, na kukimbia alikuwa haruhusiwi kwa wiki nyingi bado. Lakini alitaka kusikia.

Ngo! Nasma. Robo dakika ya ukimya ikapita mahali ilipokuwa zamu yake Allan, na hakuna aliyeijaza. Mwalimu alikuwa ameagiza iachwe hivyo. Ngo-ngo-ngo! Leticia. Vishindo vya Matilda vikaunguruma hadi juu. Ngo-ngo-ngo-ngo! Bibi yake akauliza kwa sauti nani anahama nyumba.

Mwisho alipanda Fortunata, kwa kutembea, mkono kwenye reli. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Kifua kilianza kubana kidogo, kama kumkumbusha. Juu yake zilibaki ghorofa tatu nzima, na uani hakuna jicho lililomwona. Akasimama palepale.

Ngo-ngo.

"Mbili!" aliita Allan kutoka dirishani, kwa sauti iliyokwaruza. "Umechukua milio yangu, wewe mwizi!"

Fortunata alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha alitokeza kichwa kwenye dirisha la ngazi, akatazama ng'ambo ya ua, akapaza sauti ili wasikie wote: mwalimu kwenye kreti lake, baba mlangoni mwa duka, Matilda juu ya paa.

"Allan! Nakuahidi! Nitagonga pale miguu yangu itakapofika, sio hatua moja zaidi. Na siku utakayoanza kupanda, hata kama ni ngazi tatu tu, mimi sitaondoka chini mpaka nisikie mlio wako!"

Allan aliinua kipande chake cha bomba, akakigonga mara moja kwenye nondo ya dirisha.

"Nimesikia," alisema. "Ahadi hiyo naishika."

"Ishike," alisema Fortunata. "Nami nakuapia mbele ya ua huu mzima: nitaitimiza."